Tourte, fundi asiyejua kusoma

Mtajie mtu fidla, naye akiwa amesoma kidogo atakutajia Antonio Stradivari wa Cremona. Jina hilo limevuka bahari na milima hata likafika hapa Subukia, ambako fidla zilizopo huenda zikahesabika kwa vidole. Sina ugomvi na Mwitaliano huyo. Sifa zake ni halali yake. Ninachouliza, mpenzi msomaji, ni kwa nini mtu wa pili hatajwi kamwe. Fidla isiyo na upinde ni sanduku la mbao lenye nyuzi nne. Upinde ndio unaolitia uhai, na upinde tuujuao leo, ulio mikononi mwa mpigaji wa Vienna na wa taarabu kule Unguja vilevile, ulipata umbo lake katika chumba cha ghorofani jijini Paris, kwa mkono wa mtu ambaye, kwa mujibu wa waliomwandika, hakujua kusoma wala kuandika. Jina lake ni François Xavier Tourte.

Nimemkumbuka kwa sababu ya jambo lililotukia katika bonde letu. Yuko kijana seremala, mzaliwa wa hapa hapa baina ya Bahati na mteremko wa kupandia Nyahururu, ambaye randa mkononi mwake hutii kama ng'ombe aliyemzoea mchungaji. Aliomba kazi ya kuunda madawati ya shule fulani, akanyimwa. Dawati alilolipeleka liwe mfano halikukaguliwa hata kwa kuketiwa. Aliulizwa cheti, na cheti hana, maana aliacha shule kidato cha pili karo ilipokosekana. Kazi ikapewa mwenye karatasi, na leo, mihula miwili haijatimia, madawati hayo yanalia kila mtoto ajigeuzapo. Simtaji mtu wala shule, kwa kuwa kisa hiki si cha Subukia pekee. Lakini kila nipitapo karibu na shule hiyo humfikiria Tourte, na kujiuliza kama naye angepita mlangoni.

Alizaliwa Paris mwaka 1747, au 1748 kama wasemavyo wengine. Baba yake alikuwa fundi wa pinde, na kaka yake mkubwa, Nicolas Léonard, aliurithi ufundi huo. Huyu mdogo hakupelekwa shule, wala hakuwekwa katika karakana ya baba. Alipelekwa kwa fundi wa saa, akakaa huko miaka minane. Wapendao njia zilizonyooka wataiona miaka hiyo kuwa ilipotea bure. Mimi siafikiani nao. Saa humfunza mtu kwamba kosa lenye upana wa unywele katika jino la gurudumu huharibu mwendo wa siku nzima. Humfunza kuitumia tupa ndogo kwa subira, na kuhisi kwa ncha za vidole kile ambacho jicho halijakiona. Alipoiacha kazi hiyo aliiacha kwa sababu ya kawaida kabisa: ujira haukumtosha. Akarudi kwa baba na kaka, akashika kisu.

Hakuwa na fedha za kununulia mti mzuri. Pinde zake za mwanzo, za kujifunzia, alizichonga kwa mbao za mapipa makuukuu ya sukari, akaziuza kwa sou 20 au 30 kila mmoja, bei ya kutupa. Jambo hili huniburudisha kila nilikumbukapo, kwa kuwa ndivyo wafanyavyo mafundi wetu wa jua kali, ambao hufua karai kutokana na pipa la lami na koroboi kutokana na mkebe wa dawa ya wadudu. Ila Tourte hakuridhika na pipa. Alilifanya shule yake: kila ufito uliopinda kombo au kuvunjika ulimfunza mti unataka nini na unakataa nini, na kufikia siku aliyoweza kununua mti wa maana, mkono wake ulikuwa umekwisha kufanya makosa yake yote kwa bei nafuu.

Ili tuone alichokibadilisha, na tutazame kwanza vyombo vyetu. Wandindi ya Wagikuyu na orutu ya Wajaluo ni fidla za uzi mmoja. Upinde wake ni ufito uliokunjwa mfano wa uta wa mwindaji, ukafungwa nyuzi za katani au za namna hiyo, kisha ukapakwa utomvu. Mgongo wa ufito unachomoza nje, mbali na nyuzi. Upinde wa aina hiyo una uzuri wake: ni mwepesi, hugeuka upesi, na wafaa kabisa kwa ngoma ya kuchangamka. Pinde za Ulaya katika karne ya 17 zilikuwa na nasaba moja na hizo. Ufito ulikunjika nje au kunyooka tu, na kichwa chake kilikuwa chembamba kama mdomo wa ndege. Dosari yake ilionekana mpigaji alipotaka sauti kubwa na ndefu. Akikandamiza, ufito ulilegea, na akifika karibu na ncha sauti ilififia.

Mwaka 1782 aliwasili Paris mpigaji fidla hodari kutoka Italia, Giovanni Battista Viotti. Siku hizo muziki ulikuwa unatoka katika sebule za mabwanyenye na kuingia katika kumbi kubwa za watu waliolipa kiingilio, na sauti haikuwa na budi kumfikia aliyeketi nyuma kabisa. Inaaminika kuwa Viotti alimweleza fundi matakwa ya mpigaji, naye fundi akayatafsiri kwa kisu. Aliupinda ufito kinyume cha desturi, mgongo ukabonyea kuelekea upande wa singa. Hivyo singa zikikazwa, ufito hutaka kurudi katika mpindo wake, na ushindani huo ndio nguvu anayoihisi mpigaji mkononi. Kichwa alikikuza kikawa mfano wa kishoka, kipate kustahimili mvuto na kuziweka singa mbali na ufito. Kwa vile kichwa kikubwa huulemeza upinde upande wa mbele, aliongeza uzito nyuma, katika kile kigogo kidogo kinachoshika singa na kukazwa kwa parafujo, ambacho hapa nitakiita kishikizo. Singa, ambazo awali zilijikusanya kama mkia wa panya, zilitandazwa bapa mfano wa utepe kwa pete ya madini iliyozibana kwenye kishikizo. Urefu wa ufito aliuweka kuwa sentimita 74 hadi 75, na hapo ndipo ulipo hadi leo.

Haki isemwe: hakuwa peke yake. Mafundi kadhaa wa wakati ule, kaka yake mmojawapo, walikuwa wakielekea huko huko. Yeye ndiye aliyeyakusanya yote mahali pamoja, akayapima, kisha akakataa kuteremka chini ya kipimo hicho.

Sasa mti. Hapa pana utamu wa kisa chenyewe, nami naomba msomaji anivumilie. Mti uliomridhisha Tourte ni pernambuco wa Brazili, wenye kiini chekundu, ambao Wareno walianza kuuvuna katika karne ya 16 kwa ajili ya rangi ya nguo, na ambao ndio ulioipa nchi ile jina lake. Uliingia Ulaya kama magogo ya kusagwa, si mbao za mafundi. Vita baina ya Ufaransa na Uingereza vilipoifunga bahari, ukaadimika na bei yake ikapaa. Inasimuliwa kwamba katika shehena ya tani 8 au 10 fundi angeweza kuambua vipande vichache tu vya kumfaa, maana magogo mengi yana mafundo, nyufa, na nyuzi zilizojisokota.

Kwa nini uteuzi wote huo? Ufito wa upinde wa fidla una unene usiofika milimita 9 upande wa chini, na hupungua hadi 5 na ushei karibu na kichwa. Katika wembamba huo, nyuzi za mti zikikatiza upande badala ya kwenda sambamba na ufito, hakuna ustadi utakaouokoa. Mti mwepesi hulegea. Mzito kupita kiasi huuchosha mkono, kwa kuwa upinde mzima, pamoja na singa na kishikizo, hauna budi kuwa karibu na gramu 60. Kinachotafutwa ni mti mgumu na mzito kiasi, unaorudi upesi ukipindwa na usiosahau umbo lake. Mafundi wa leo hupima hata kasi ya sauti ndani ya ubao kabla ya kuutia randa. Tourte alikuwa na vidole vyake tu.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tourte alimkunja akiwa mkavu. Walikuwako mafundi waliokata ufito kwa msumeno ukiwa umepinda tayari kutoka ubaoni. Njia hiyo ni ya haraka, lakini hukata nyuzi za mti na kuuacha ufito dhaifu pale pale unapohitaji nguvu. Yeye aliufuata mti ulivyonyooka, kisha akaupasha moto mpaka joto likafika kiini, ndipo akaupinda. Joto likiishia juu juu, nyuzi za nje hukubali na za ndani hukataa, na baada ya muda ufito hurudi ulikotoka. Hapo fundi hujua kwa harufu, kwa rangi, na kwa jinsi ufito unavyouitikia mkono. Akiuchelewesha sekunde chache, umeungua. Mwishoni Tourte hakuupaka vanishi. Aliusugua kwa unga wa jiwe laini uliochanganywa na mafuta, basi.

Baadaye fundi mwingine wa Paris, Jean-Baptiste Vuillaume, alizipima pinde hizo kwa vyombo vya hesabu. Aligundua kwamba sentimita 11 za chini zina unene usiobadilika wa milimita 8.6, na toka hapo unene hushuka hadi milimita 5.3 kwa kufuata mchirizi ambao wanahisabati huueleza kwa logarithi. Asiyejua kusoma alikuwa ameichonga hesabu hiyo kwa jicho, upinde baada ya upinde. Ni cheti gani kingemwongezea kitu?

Singa nazo zina habari zake. Hutoka katika mkia wa farasi, nyeupe, na upinde mmoja huchukua singa 150 hadi 200. Kwa Tourte kazi ya kuzichambua ilikuwa ya binti yake, ambaye masimulizi humtaja kwa kifupi mno, kama ilivyo ada ya masimulizi kuhusu mabinti. Aliziosha kwa sabuni na kwa maji ya pumba, akazitazama mojamoja. Ile iliyokuwa nene hapa na nyembamba pale aliitupa, na yasemekana haikupita zaidi ya moja katika kila kumi. Lakini hata singa bora haziamshi uzi zikiwa tupu. Hupakwa ulimbo mkavu utokanao na utomvu wa misonobari, zikapata kuushika uzi na kuuachia, kuushika na kuuachia, mamia ya mara kwa sekunde. Sauti ya fidla ni mshikano huo na mwachano huo.

Jijini London aliishi wakati huo huo John Dodd, aliyezaliwa mwaka 1752, naye akafikia umbo linalokaribiana sana na lile la Paris pasipo dalili ya kuwa walikutana. Dodd aliogopa kuibiwa maarifa hata akakataa kuchukua wanafunzi, na husimuliwa kuwa alipewa ahadi ya pauni 1,000 kwa kielelezo chake akaikataa. Alipenda ulevi, na alifia katika nyumba ya maskini mwaka 1839. Pinde zake nzuri ni nzuri kwelikweli, ila si zote, maana siku nyingine aliuza chochote kilichopatikana. Tourte, kinyume chake, inasimuliwa kuwa aliuharibu kwa mkono wake upinde wowote uliokuwa na kasoro, hata ndogo. Kwangu mimi tofauti baina ya mafundi hawa wawili iko hapo. Kipaji walikuwa nacho wote. Mmoja aliweza kukivunja kitu alichokitolea jasho wiki nzima, kwa sababu yeye alijua kilichomo ndani ingawa mnunuzi asingejua.

Uvunjaji huo unataka tumbo lililoshiba, nakiri. Fundi wa Subukia mwenye watoto wanne hawezi kutupa kiti kwa sababu mguu mmoja umepishana na mwingine kwa upana wa uzi. Lakini uzee wa Tourte ulimlipa: upinde wake wenye kishikizo cha gamba la ng'amba na madini ya dhahabu alikuja kuuuza kwa louis 12. Hakuwa na desturi ya kugonga jina lake juu ya kazi zake. Ni chache mno zenye kijikaratasi ndani, kimoja kikionyesha mwaka 1824 na umri wake wa miaka 77. Nyingine zote hutambuliwa kwa umbo la kichwa na mapito ya kisu, na mwaka 2017 mojawapo iliuzwa mnadani Ufaransa kwa zaidi ya yuro nusu milioni.

Gamba la ng'amba na pembe za ndovu, ambazo mafundi wa zamani walizipenda kwa vishikizo na kwa kile kibati cha kukinga ncha, ni bidhaa ambazo mwambao wetu uliuza kwa karne nyingi. Sidai kuwa za Tourte zilitoka kwetu, lakini jambo hili linatuhusu. Mwezi wa Julai mwaka 1989 Rais Moi alizitia moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, na mwaka huo huo mataifa yakaafikiana kupiga marufuku biashara yake. Tangu hapo mafundi wengi wa pinde hutumia mfupa au fedha kwenye ncha, na mpigaji mwenye upinde wa kale hulazimika kubeba hati anapovuka mipaka. Mwaka 2007 pernambuco nao uliingizwa katika orodha ya miti ambayo biashara yake hudhibitiwa kimataifa, kwa kuwa msitu wa pwani ya Brazili umebaki vipande vipande. Mafundi wenyewe wamechanga fedha kupanda miche ambayo wajukuu wao ndio watakaoichonga. Wengine huchonga miti ya badala, na wengine huunda fito kwa nyuzi za kaboni, nazo si mbaya hata kidogo kwa mwanafunzi. Nasi tumeuchoma makaa mtamaiyu wa bonde hili, mti mgumu na mzito, pasipo kuuliza ungefaa nini kingine.

Yule seremala wetu nimempa mwaka huu upinde wa fidla autazame. Ulikuwa wa shule, mmoja wa pinde tatu zilizoletwa na wahisani na kufungiwa kabatini. Pinde zote tatu zilikuwa zimeharibika, na mwalimu alidhani ni mikono ya watoto. Wala si watoto. Mbili ziliachwa zimekazwa mwaka mzima. Singa huvuta unyevu wakati wa masika zikarefuka, kisha kiangazi cha Januari huzikausha zikafupika kwa nguvu, na ufito usiolegezwa hukunjika au hupoteza mpindo. Wa tatu ulilegezwa vizuri, lakini wadudu wadogo wapendao giza la sanduku walizikata singa. Dawa ya haya yote ni kuilegeza parafujo kila baada ya kupiga na kulifungua sanduku lipate mwanga. Haigharimu hata shilingi.

Kijana aliugeuzageuza upinde mikononi, akaufumbia jicho moja kama aonavyo ubao, akasema umepinda kombo upande wa kushoto na ulipikwa juu juu. Hakuwa amewahi kuona upinde wa fidla maishani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 tuliahidiwa kuwa mikono kama hiyo ingepata mahali pake shuleni, kisha masomo yale ya ufundi yakapunguzwa kidogo kidogo kwa kukosa vifaa na walimu. Mtaala wa sasa unaahidi yale yale kwa maneno mapya. Mimi ningeridhika kama kamati za shule zingeketi juu ya dawati kabla ya kuuliza cheti.

Tourte alifanya kazi hadi umri wa miaka 85 hivi, akaiacha macho yalipomkatalia. Aliishi maisha ya faragha, katika chumba chake cha orofa ya nne kando ya mto Seine. Siku nyingi, kazi ikiisha, aliteremka mtoni, akajipakia katika mashua ndogo, akatupa ndoana na kungoja. Nadhani hata huko alikuwa kazini kwa namna yake, mkono umeshika ufito mwembamba, vidole vinasikiliza kinachotukia mwisho mwingine wa uzi. Alifariki mwezi wa Aprili mwaka 1835.